Zacharie Sikuli na Sahani za Watoto Wake

Padri wetu, wazee wa jamaa, majirani wa Mususa, ndugu mliotoka Beni, na ninyi wachache mliofaulu kutoka Kamango, mniwie radhi nikisoma polepole, kwa sababu sikusoma shule nyingi na macho yangu leo hayana nguvu. Mimi ni Rébecca, dada mkubwa wa Zacharie Sikuli tunayemzika. Katika jamaa yetu historia ya marehemu husomwa na mwanaume, lakini wanaume waliozaliwa katika nyumba ya baba yetu wamekwisha, huyu alikuwa wa mwisho, ndiyo maana mnaona mwanamke amesimama. Yote nitakayosema Mama yetu ameyasikia kabla yenu, na ni yeye aliyeagiza yasemwe. Nilipotaka kupunguza alinikataza: "Hapana kuficha, Rébecca. Batu balie kitu kenye banajua." Anataka watu walie kitu wanachokijua.

Zacharie Sikuli alizaliwa Kamango, katika teritwari ya Beni, karibu na mpaka wa Uganda, tarehe 11 Aprili 1979, siku ya Jumatano ya Juma Takatifu, akiwa mtoto wa pili wa marehemu baba yetu Syauswa na wa Mama yetu Kaswera, mnayemwona ameketi hapa kwenye mkeka, baada yangu mimi na kabla ya mdogo wetu Gérard. Alibatizwa siku ya Pentekoste ya mwaka huohuo. Wazazi wetu walikuwa wakulima, walilima mpunga, mihogo na kahawa kidogo, lakini shamba ambalo Mama alilipenda kupita yote lilikuwa shamba la karanga, lililo chini ya kilima, na sisi watoto tulijifunza kutembea katikati ya mistari yake.

Hapa lazima nieleze jambo ambalo ninyi wakulima mnalijua, ili hata watu wa mjini wafuate. Karanga zikisha kung'olewa na kukaushwa, mama wa nyumba huketi na lungo, ungo wa kupepetea, mapajani, anazichambua. Zile nono, zenye ngozi nyekundu isiyo na doa, zinawekwa kuwa mbegu. Zile zinazofuata zinakwenda sokoni, kwa sababu ndizo zinazoleta chumvi, sabuni na masomo ya watoto. Zinazobaki, zilizokunjamana, zilizovunjika, zenye unga wa kijani au weusi ndani, ndizo za nyumba, zinatwangwa, zinatiwa ndani ya sombe, mboga ya majani ya mihogo, na ndani ya uji wa mtoto, na wote wanakula na kumshukuru Mungu. Hakuna mama aliyefanya hivyo kwa roho mbaya. Bibi yetu alifanya hivyo, Mama alifanya hivyo, na wengi wenu mlioketi hapa mmefanya hivyo hata juma hili. Ndiyo uji aliolelewa nao Zacharie.

Alisoma shule ya msingi Kamango, kuanzia mwaka 1985 mpaka 1991, kisha akapelekwa Beni kwa mjomba wetu, akasoma sekondari katika sehemu ya biolojia na kemia, na kila alipomaliza likizo Mama alimfungia kopo la karanga zilizotwangwa, za nyumba, ili asisahau chakula cha kwao. Alipata diploma ya Serikali mwaka 1998, tukacheza barabarani mpaka viatu vikapasuka.

Furaha hiyo haikukaa. Tarehe 3 Februari 1999 baba yetu alikufa, macho yake manjano, tumbo lake limejaa maji, miguu na mikono imekauka kama ya mtu mwingine. Kijijini wakasema ni karuho, sumu ambayo mtu anamtilia mwenziwe polepole ndani ya kinywaji, na kwa kuwa baba alikuwa na ugomvi wa mpaka wa shamba na jirani mmoja, jirani huyo akanyooshewa kidole, akatukanwa, mwishowe akahama Kamango na mke na watoto, wakipita mbele ya nyumba yetu na mizigo kichwani, wala hakuna aliyewaaga. Zacharie aliwatazama mpaka wakapotea. Jioni hiyo aliniambia: "Yaya, dada yangu, kama ni sumu, mi nataka kuijua jina yake." Naamini ni siku hiyo alipochagua kazi yake.

Mwaka 2000 alikuja Butembo, akasoma kazi ya labo, yaani maabara, katika chuo kimoja cha hapa mjini, akamaliza mwaka 2004. Mwaka uliofuata akaajiriwa katika kituo cha afya hapa Mususa, akipima malaria na damu za wamama wajawazito, na watu walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi na hakuwahi kumcheka mtu anayeogopa sindano. Mwezi wa Februari 2010 alihamia katika kituo kidogo kinachochunguza majani ya dawa, na huko ndiko alikomaliza maisha yake ya kazi.

Mke wake ni Anne-Marie, huyu aliyevaa kitambaa cheusi, ambaye alifunga naye ndoa takatifu hapa Butembo tarehe 19 Julai 2008, baada ya mbuzi wa mahari kufika wote kwa wakwe, wanene, kwa sababu Gérard mwenyewe aliwachunga njiani na kukataa mtu yeyote awapige fimbo. Mungu aliwapa watoto wawili, Élisée aliyezaliwa tarehe 2 Mei 2011, na Victoire aliyezaliwa tarehe 20 Novemba 2014. Ilikuwa nyumba ya amani. Niliingia humo mara nyingi bila kubisha, wala sikuwahi kukuta watu wamenuniana.

Sasa nieleze kazi yake, kwa maneno mepesi, jinsi alivyonielezea. Ule unga wa kijani ndani ya karanga, na ndani ya mahindi yaliyowekwa mabichi, ni ukungu, na ukungu huo unatoa sumu isiyo na harufu, isiyokufa kwa moto, ambayo inakwenda kukaa kwenye ini la mtu na kulila kidogo kidogo kwa miaka. Daktari mmoja mwalimu alitaka kujua kama kuna majani ya kwetu yanayoweza kulinda ini lisiharibiwe na chakula cha namna hiyo. Zacharie akachuma mubirizi, yale majani machungu ambayo wazee wetu wanakunywa, akayakausha kivulini, akayatwanga, akayaloweka, akayachuja, akayachemsha juu ya mvuke mpaka yakabaki maji mazito meusi. Kisha panya weupe wakagawanywa. Wengine walipewa karanga nzima, wengine karanga za ukungu peke yake, wengine waliyanywa maji ya majani kwanza, ndipo wakapewa karanga za ukungu, na wengine wakapewa majani baada ya karanga. Aliyewalisha pamoja naye ni Zorobabel, mwenziwe wa labo, yuko pale karibu na mlango.

Kazi hiyo iliwachekesha majirani. Issaka, tajiri wa lori, jirani yetu wa lango kwa lango, Mwislamu mwenye maskhara mengi, alikuwa anamvizia asubuhi akienda kazini na kumwambia kwa sauti kubwa: "Sikuli, panya zako zinakula karanga kila siku, na mi jirani yako niko nakula sombe tupu! Uniandike na mi kati ya panya!" Zacharie alijibu bila kusimama: "Nitakuandika, Issaka, lakini panya bale bote banapasuliwa siku ya mwisho." Wote wawili wanacheka mpaka kwenye kona.

Mwaka 2019 jibu lilipatikana. Panya waliotangulia kunywa majani, maini yao yalikuwa mazuri kupita ya wenzao, ila hawakupona wote, wapo waliokufa hata upande wa dawa. Na waliopewa majani baada ya ini kwisha kuharibika, hawakusaidiwa na kitu. Wala hakuna aliyekuwa amejaribu dawa hiyo kwa mtu. Zacharie alirudia maneno hayo katika jumuiya zetu za sala, sokoni, kwenye kituo cha afya, na neno lake lilikuwa moja: "Kwanza mumwage karanga mbaya. Nyuma njo tuongee majani." Lakini watu walitaka kinyume. Wamama walimfuata na chupa tupu: "Papa Zacharie, utupatie hiyo dawa, tusitupe chakula ya Mungu." Hakuwakasirikia, kwa sababu alijua njaa ni nini, na vita vilikuwa vimetufundisha sote kutotupa hata punje. Aliwafundisha majirani wote wa Mususa. Nyumba moja tu hakuweza kuifundisha, nayo ni yake.

Mdogo wetu Gérard alibaki Kamango na Mama. Miaka ilipozidi kuwa mibaya, watu wakiuawa na waasi mashambani na majumbani, tuliwaomba waje Butembo, Mama akasema nani atavuna. Tarehe 14 Januari 2022, siku ya Ijumaa, Gérard aliuawa kwa panga ndani ya shamba lile la chini ya kilima, alipokuwa aking'oa karanga, pamoja na majirani waliokwenda kumsaidia. Waliofuata mwili wake waliokota na karanga alizokuwa amezilaza chini, mbichi, na udongo wake, wakazishindilia ndani ya magunia, kwa sababu hakuna aliyethubutu kukaa kungoja jua. Tukamzika kwa haraka. Mama akatoka Kamango akiwa na nguo alizovaa na magunia matatu.

Njia ya Mbau, inayotoka Kamango kwenda Beni, ilikuwa imefungwa na mauaji. Issaka ndiye aliyekubali kwenda kumtoa, akipitia Nobili, akazunguka ndani ya Uganda, akatokea Kasindi ndipo apande Beni, na pale mpakani wakazuiliwa, mvua ikanyesha, magunia yakakaa chini ya turubai bila hewa. Alipolifunua turubai aliweka mkono juu ya gunia, akalikuta lina moto kama mtu mwenye homa. Issaka ni mtu wa biashara, anajua chakula. Akamwambia: "Mama, tuziache hapa. Hizi zilisha kufa." Mama akamjibu: "Mwenye alikufa ni Gérard. Hizi ni zake, na hapana kutupa." Issaka akafunga turubai, akawasha gari, akaendesha mpaka Butembo.

Hapa Mususa Mama alizianika, kisha akaketi na lungo lake, akazichambua kama desturi. Zile chache zilizokuwa nzuri alizitia ndani ya kikapu, akazifunga kwa shati la Gérard, ziwe mbegu ya siku ya kurudi Kamango. Za soko hakutaka. Zilizobaki zote zikawa za nyumba.

Zacharie alichukua konzi moja, akaenda nayo labo, akaipima. Alimwambia mke wake: "Ziko mbaya kupita zile tunapatia panya." Siku iliyofuata alimwendea Mama kwa heshima, akapiga goti, akamwomba wazitoe zile, yeye atatafuta nyingine nzuri. Mama hakubishana. Aliweka lungo chini, akajifunika kitenge, akaacha kula. Alikataa ugali, alikataa uji, alikataa hata chai aliyopelekewa na padri, akakonda mbele yetu hata tukaanza kuogopa kwamba tutamzika baada ya Gérard. Ninyi mnaopenda kuhukumu, simameni kwanza mahali hapo. Mbele ya Zacharie kulikuwa na mama anayekufa kwa uchungu, na nyuma yake kulikuwa na ini la watoto wake. Zacharie alirudi, akaketi karibu naye, akasema: "Mama, Jumapili utupikie karanga za Gérard."

Mama akala. Na tangu Jumapili hiyo, kila baada ya misa, alitwanga karanga hizo kwa mkono wake, akapika sombe, akapakua sahani ya kila mtu, kisha akarudi jikoni kukaa karibu na jiko, kama wamama wa zamani wanavyofanya. Alipokuwa jikoni, Zacharie alivuta sahani ya Élisée na kuila, akavuta ya Victoire na kuila, akavuta ya Anne-Marie alipoweza, akala na yake, halafu sahani zikarudi tupu, Mama akafurahi kwamba wajukuu wanapenda chakula cha baba yao mdogo. Watoto walipewa ndizi na maharage kabla ya misa, kwa siri. Mama mwenyewe sombe hiyo hakuigusa, alikula ugali na chumvi, akisema kwamba mvunaji aliwavunia watoto.

Kabla ya kila mlo huo Zacharie alikunywa kikombe cha maji ya mubirizi, jinsi alivyowanywesha panya. Zorobabel aliyajua yote, akamgombeza ndani ya labo: "Zacharie, weye hauko panya. Na hata upande wa dawa balikufa bamoja." Akamjibu akitabasamu: "Basi mi nitakuwa kati ya bale bengine."

Hivyo ndivyo alivyoishi miaka miwili na zaidi, mpaka gunia la mwisho likaisha.

Ugonjwa wake ulianza mwishoni mwa mwaka 2024, mwili ukipungua, usingizi ukimkimbia. Mwezi wa Machi 2025 maumivu yakashika upande wa kuume chini ya mbavu, macho yakawa manjano, na mimi niliyemwona baba yetu akifa nikajua kabla ya ekografi, kile kipimo cha picha ya tumbo, kusema. Madaktari walikuta uvimbe umeenea ndani ya ini, na wakakuta katika damu yake virusi vya homa ya ini, ambavyo labda alizaliwa navyo au alivipata utotoni. Daktari alitueleza kwa ukweli kwamba hawezi kuapa ni Jumapili zile zilizomuua, kwa kuwa ini kama hilo linaharibika kwa maisha mazima, tangu uji wa kwanza, na virusi na ukungu vikikutana katika mwili mmoja vinasaidiana kuua. Lakini hakusema kwamba Jumapili zile hazikuongeza kitu.

Siku moja daktari alisimama karibu na kitanda, akauliza nyumbani wanakula nini. Mama ndiye aliyejibu, kwa kiburi cha mkulima: "Sie hatununue, Docteur. Tunakula karanga ya shamba yetu." Daktari akamtazama mgonjwa. Zacharie akaupata mkono wa Mama, akasema: "Ni virusi, Mama. Docteur alisema ni virusi." Ilikuwa nusu ya ukweli, na nusu nyingine akaimeza.

Tangu hapo Mama alichuma mubirizi, akatwanga toka asubuhi mpaka mikono yake ikawa ya kijani isiyotoka kwa sabuni, akamletea kikombe kwa kikombe. Zacharie alimwambia mara moja tu: "Mama, hii ni dawa ya mbele, haiko ya nyuma." Mama akasema: "Unywe tu, mutoto wangu." Akanywa. Alikunywa mpaka tumbo lililojaa maji halikuweza tena kupokea kitu, kwa kuwa hakutaka kukisukuma kikombe cha Mama.

Tulitaka kumpeleka mbali, kwa ndege ya pale Rughenda au kwa njia ya Kampala, madaktari wakatuambia kwa upole kwamba safari itamwua kabla ya ugonjwa. Basi tulisali. Tulifanya novena, tukafunga, tukawasha mishumaa, jumuiya yote ikalala kifudifudi chini ya msalaba, wengine wenu mlikuwepo. Padri, nasema mbele yako bila kumkufuru Mungu wangu: alinyamaza. Mpaka asubuhi hii bado amenyamaza, na mimi bado naongea naye, kwa sababu sina mwingine.

Zacharie alipokea sakramenti ya wagonjwa, akawabariki watoto wake, na asubuhi ya Alhamisi tarehe 9 Oktoba 2025 akatuacha, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Ndugu zangu, bado kuna jambo moja, na ndilo lililomfanya Mama aagize nisome hivi. Mwili ulipofika nyumbani Mama alilia akiuliza: "Nani alinikulia mutoto wangu?" Mnajua swali hilo linaamsha nini kwetu. Wakaanza kunong'ona. Nililisikia lile neno karuho likipita kwenye viti, na macho ya watu yakageuka polepole kumtafuta Issaka, yeye aliyeketi langoni na kofia yake mkononi, kwa sababu yeye si wa dini yetu, na kwa sababu ndiye aliyeleta magunia. Niliona baba yetu amelala pale tena. Niliona na yule jirani wa Kamango akipita na mizigo.

Ndipo Victoire, ambaye hajatimiza miaka kumi na moja, akatoka kwa mama yake, akasimama mbele ya nyanya yake, akasema: "Koko, hapana mutu. Papa alikuwa anakula sahani yetu. Alisema karanga za Papa Gérard ziko na sumu, sie tusikule, lakini tusikuambie, juu utaacha tena kukula."

Mama akamwita Zorobabel, akamwambia aketi chini, aeleze yote, na Zorobabel akaeleza, tangu panya mpaka kikombe cha Jumapili. Mama hakulia. Alitazama mikono yake, ile ya kijani, muda mrefu. Kisha akasema maneno haya, na ameniagiza niyasome yalivyo: "Ni mi njo nilipakula sahani. Sikujua, na yeye alijua, na akakula. Issaka haiko na kosa. Na ule jirani wa Kamango, mwenye tulifukuza, hakukuwa na kosa naye, Mungu amutafute kule iko amuambie."

Kwa hiyo nasema mbele ya mwili wa ndugu yangu, na yeyote aliyenong'ona asikie: Zacharie hakutiliwa sumu na mtu.

Kuna na waliomwendea Anne-Marie jana, kabla hata jeneza halijapigwa misumari, kumwomba chupa zilizobaki. Simtaji mtu. Chupa zimerudi labo, kazi haijaisha, Zorobabel na mwalimu wake wataiendeleza, na siku moja labda majani hayo yatalinda watoto wa wengine. Leo majani hayana ruhusa ya kuwadanganya. Mwageni kwanza kilicho kibaya, ndivyo alivyosema alipokuwa na sauti.

Jana Issaka alileta karanga kwa ajili ya chakula cha watu wa kilio. Mama aliomba lungo, akaketi, akachambua mwenyewe, na wamama waliokuwa jikoni ni mashahidi wa kile walichokiona. Zile nono zenye ngozi nyekundu alizitia chunguni. Zilizokunjamana alizibeba mpaka shimo la choo, akazimwaga. Kwa hiyo mtakapopewa sahani zenu baada ya maziko, kuleni bila woga.

Kilichobaki ni kikapu cha mbegu, kilichofungwa kwa shati la Gérard. Mama hakuweza kukimwaga. Ni mbegu za zamani, hazitaota, na shamba la Kamango hakuna anayelifikia. Amemwomba Padri ruhusa, Padri amekubali, kikapu kitawekwa kaburini miguuni pa Zacharie, kwa sababu huo ndio udongo pekee ambao familia yetu inaweza kuufikia leo bila kukimbia.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, hasa kwa kutotudanganya. Tunawashukuru wenzake wa labo, na wewe Zorobabel usijilaumu, ulimwambia. Padri wetu na jumuiya zote, mlikesha nasi bila kuchoka. Majirani wa Mususa mlileta kuni, maji na viti, na ndugu Waislamu mlitandaza turubai hili linalotukinga jua, lile lile turubai la lori, Issaka ndiye aliyelifunga kwa mkono wake baada ya kusikia aliyoyasikia. Anne-Marie, umemuuguza mume wako bila kulalamika, Mungu akuone.

Zacharie, mdogo wangu, hakuna tena sahani ya kuvuta. Umeshiba vya kutosha kwa niaba yetu. Shuka sasa ukapumzike kwa amani, wewe na mbegu za Gérard, na sahani za watoto tutazilinda sisi.